Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo msafiri wa Afrika Mashariki huuliza kabla ya kufunga mzigo kwenda Mosi-oa-Tunya, maporomoko ambayo ramani nyingi huyaandika Victoria. Ukiyatazama vizuri, mengi yanarudi kwenye jambo moja: mto una maji kiasi gani mwezi huo. Chagua mwezi kwanza. Upande wa kusimama, nguo za kubeba na michezo ya kufanya vitajipanga baada ya hapo.

Maporomoko yako wapi hasa, na ni ya nchi gani?

Ni ya nchi mbili. Mto Zambezi unachimbuka kaskazini-magharibi mwa Zambia, unaingia Angola, unarudi Zambia, unapakana na Namibia, unaigusa Botswana pale Kazungula, kisha unakuwa mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Ukiwa katika kipande hicho cha mwisho, mto mpana uliotulia unafika kwenye ufa mrefu ulioukata kwa upana wake wote, na unatumbukia humo. Upana wa maji pale ukingoni ni mita 1,708, na sehemu ndefu kuliko zote inaanguka mita 108. Yapo maporomoko marefu zaidi duniani, na yapo mapana zaidi, lakini ukizidisha urefu kwa upana hakuna pazia la maji linaloyafikia haya. Urefu wake ni karibu mara mbili ya ule wa Niagara.

Mji wa upande wa Zambia unaitwa Livingstone, na uko kilomita kama kumi kutoka kwenye maji. Mji wa upande wa Zimbabwe unaitwa Victoria Falls, na kutoka hotelini unaweza kutembea kwa miguu hadi lango la hifadhi. Kila nchi ina hifadhi yake, Mosi-oa-Tunya kwa Zambia na Victoria Falls kwa Zimbabwe, lakini UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1989 kama urithi mmoja wa dunia.

Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndilo watu hulikosea kwa sababu inayoeleweka. Mvua za eneo hilo hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, basi msafiri hudhani Januari ndipo mto hufurika. Sivyo. Maji mengi unayoyaona yakianguka hayakunyesha pale. Yamenyesha mamia ya kilomita huko juu, Angola na Zambia ya kaskazini-magharibi, kisha yakatandaa kwenye tambarare za Barotse, ambako Walozi na mfalme wao, Litunga, huhamia nyanda za juu kwa sherehe ya Kuomboka mafuriko yanapofika. Tambarare hizo huyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana kilele cha mafuriko hufika maporomokoni Aprili, wakati mawingu ya mvua yamekwisha kuondoka.

Kwa hiyo, Machi hadi Mei utakuta nguvu. Ardhi inatetema chini ya viatu, na manyunyu yanapanda angani kama nguzo inayoonekana kutoka zaidi ya kilomita 20. Lakini ujue pia kwamba nguvu hiyo hujificha yenyewe: ukisimama mbele ya sehemu za katikati mwezi Aprili, unaweza usione chochote ila weupe. Utasikia, utalowa, utastaajabu, na picha zako zitakuwa za ukungu. Aliyeyaona kutoka juu kwa helikopta katika miezi hiyo ndiye hasa aliyeyaona.

Oktoba na Novemba mambo hugeuka. Maji hushuka kabisa, mwamba mweusi hujitokeza, na joto hufika karibu nyuzi 40. Hapo unaona umbo la korongo, jinsi lilivyo refu na jembamba, jambo ambalo Aprili huwezi kuliona.

Ukinilazimisha kuchagua kwa mtu anayekwenda mara moja tu maishani, nitasema Juni hadi Agosti. Maji bado ni mengi kwa upana wote, manyunyu yamepungua kiasi cha kuruhusu macho kufanya kazi, na jua linawaka bila kuchoma. Beba sweta lakini, maana usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli, na mtu aliyetoka Tanga au Mombasa atashangaa.

Desemba hadi Februari nchi ni ya kijani, mto unaanza kupanda, na wageni ni wachache. Si chaguo baya kwa asiyejali kunyeshewa.

Upande upi ni bora, Zambia au Zimbabwe?

Ni ubishi wa siku zote, na kila mwongozaji atakupa jibu linaloelekea nyumbani kwake. Jiografia inasema hivi: sehemu kubwa ya pazia la maji inatazamana na ardhi ya Zimbabwe. Ukiwa upande huo unatembea juu ya ukuta wa pili wa korongo, ndani ya msitu unaoishi kwa manyunyu, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kituo cha kutazamia: Devil's Cataract mwanzoni kabisa, kisha Main Falls, Horseshoe Falls na Rainbow Falls, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Upande huo maji hayakosekani mwaka mzima, hasa Devil's Cataract na Main Falls.

Zambia ina ncha ya mashariki. Haikupi mandhari mapana kama ya jirani yake, lakini inakupa ukaribu. Kuna daraja jembamba la waenda kwa miguu linaloitwa Knife Edge, na mafuriko yakiwa juu unalivuka ukiwa umemiminiwa maji kutoka juu, kushoto, kulia, na hata kutoka chini. Kuna pia njia ya kushuka hadi Boiling Pot, pale mto wote uliokuwa mpana wa kilomita moja na zaidi unapojibana kutokea kwenye mlango mmoja wa korongo na kuzunguka kwa hasira. Zimbabwe haina njia ya namna hiyo inayokufikisha karibu hivyo na kitako cha korongo.

Basi shauri langu ni hili. Kama una siku moja tu na ni kati ya Septemba na Desemba, nenda Zimbabwe. Kama ni kati ya Februari na Julai, upande wowote utakushibisha. Na kama una siku mbili, vuka mpaka, kwa sababu pande hizi mbili hazirudii kitu kimoja.

Ni kweli kwamba maji hukauka?

Maporomoko yote hayakauki. Kinachokauka, au kubaki michirizi, ni upande wa mashariki, yaani Zambia, mwishoni mwa kiangazi. Sababu ya kwanza ni umbo la mwamba: ukingo wa upande wa magharibi, pale Devil's Cataract, uko chini zaidi, kwa hiyo maji machache yaliyobaki hukimbilia huko. Sababu nyingine ni umeme. Zambia ina kituo cha kuzalisha megawati 108 ambacho huchukua maji juu ya maporomoko na kuyatoa kwenye korongo la tatu. Mto ukiwa umefurika huwezi kugundua. Ukiwa mdogo, unagundua.

Mwishoni mwa 2019, baada ya mvua haba, picha za ukuta mkavu zilisambaa duniani kote na watu wakafuta safari zao wakidhani maporomoko yamekufa. Yalikuwa yamepungua kwelikweli, na ukame wa bonde la Zambezi ni jambo la kutia wasiwasi. Ila picha nyingi za namna hiyo hupigwa upande wa mashariki mwezi Oktoba au Novemba, wakati ambao kupungua ni kawaida ya kila mwaka. Kabla ya kuamini picha, uliza imepigwa mwezi gani na kutoka upande upi.

Nahitaji viza?

Raia wa Tanzania na Kenya huingia Zambia na Zimbabwe bila viza kwa matembezi ya kawaida. Unachohitaji ni pasipoti yenye uhai wa kutosha (miezi sita ndiyo salama) na kurasa tupu, kwa sababu ukivuka huku na huko kila upande unagonga mihuri yake. Kwa wenye pasipoti nyingine, ubalozi ndio wa kuuliza, na uulize karibu na safari maana kanuni hizi hubadilika.

Kwa wale wanaotakiwa kulipia, ipo viza ya pamoja iitwayo KAZA. Ni dola 50 za Marekani, inadumu siku 30, inakuruhusu kuingia na kutoka Zambia na Zimbabwe mara nyingi, na hata kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula mradi usilale huko. Uzuri wake unaonekana pale unapotaka kuona pande zote mbili: bila hiyo, mtu akitoka Zambia kwenda Zimbabwe na kurudi anaweza kulipia upya kila anapoingia.

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Huenda usiulizwe hata mara moja, lakini ukiulizwa na huna, safari inaharibika palepale dirishani.

Naweza kuvuka mpaka kwa miguu?

Unaweza, na nakuomba ufanye hivyo hata kama una gari. Kati ya kituo cha mpaka cha Zimbabwe na kile cha Zambia kuna mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na haraka, na katikati yake kuna Daraja la Victoria Falls. Lina urefu wa mita 198 na liko mita 128 juu ya maji ya kiangazi. Linabeba reli, barabara na njia ya waenda kwa miguu. Vyuma vyake viliundwa Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, na kupandishwa kwa reli hadi korongoni. Lilifunguliwa Septemba 1905. Lilikuwa sehemu ya ndoto ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, ya kuunganisha Cape Town na Cairo kwa reli, na yeye mwenyewe alikwisha kufa kabla halijajengwa.

Kuna kisa cha daraja hili ambacho kinatuhusu sisi wa kaskazini pia. Agosti 1975, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na viongozi wa wazalendo wa Zimbabwe wakiongozwa na Askofu Abel Muzorewa walikutana ndani ya behewa la treni lililosimamishwa katikati ya daraja. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu John Vorster wa Afrika Kusini ndio walioitisha mkutano huo. Mazungumzo yalivunjika siku ileile, na vita vikaendelea hadi mwisho wa muongo. Wakati ule Zambia, Tanzania, Msumbiji na Botswana zilikuwa mstari wa mbele wa ukombozi, na gharama yake ilibebwa na wananchi wa kawaida. Ukisimama pale katikati, kumbuka kwamba chini ya miguu yako nchi moja ilikuwa huru na nyingine bado.

Kama unataka kuliona daraja tu bila kuingia nchi ya pili, waambie uhamiaji. Hutoa kikaratasi cha ruhusa ya darajani, unakwenda, unatazama, unarudi, bila kuhesabiwa kuwa umetoka nchini. Darajani pia ndipo watu huruka kwa kamba, mita 111 kuelekea mtoni. Wauza vinyago na bangili za shaba watakufuata. Ni watu wanaotafuta riziki, na "hapana, asante" iliyosemwa kwa upole inatosha. Wengine watakuuzia noti za zamani za Zimbabwe za matrilioni, ukumbusho wa mfumuko wa bei wa 2008. Ni karatasi za kumbukumbu, hazinunui kitu.

Nafikaje kutoka Dar es Salaam au Nairobi?

Kwa ndege, njia za kawaida ni kupitia Nairobi, Addis Ababa, Lusaka au Johannesburg. Miji yote miwili ina uwanja wa kimataifa, kwa hiyo linganisha bei za Livingstone na za Victoria Falls kabla ya kununua. Tofauti wakati mwingine ni kubwa, na kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya teksi na mpaka.

Kwa barabara, mabasi huondoka Dar es Salaam kupitia Mbeya hadi Tunduma, unavuka kuingia Nakonde, kisha Lusaka. Ni safari ndefu, na foleni ya malori Tunduma ina sifa yake. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 480, basi la mchana moja.

Wapo wanaotaka TAZARA, nami nawaelewa. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inakupitisha ukingoni mwa Selous ya zamani na nyanda za juu za kusini, na hakuna basi litakalokuonyesha hivyo. Lakini ratiba yake haitabiriki, na reli yenyewe inahitaji ukarabati mkubwa. Uliza stesheni kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, na usiifungamanishe na ndege ya kurudi.

Kumbuka saa. Zambia na Zimbabwe ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Na huko husema saa kwa hesabu ya Kiingereza, kwa hiyo ukiahidiwa gari saa sita asubuhi, ni alfajiri yetu ya saa kumi na mbili.

Nibebe fedha gani, na kiingilio ni kiasi gani?

Zambia wanatumia kwacha. Zimbabwe wana ZiG, sarafu iliyoanza Aprili 2024, lakini pale mjini Victoria Falls karibu kila kitu hupangwa kwa dola ya Marekani. Beba noti ndogondogo, safi, zisizochanika. Dola iliyochakaa hukataliwa, na chenji ya noti ya mia huwa shida.

Viingilio vya hifadhi hupangwa kwa madaraja: wananchi, wakazi wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Hapa kuna jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui na hulipa zaidi kwa kutokuuliza: Tanzania ni mwanachama wa SADC. Onyesha pasipoti dirishani na uulize bei ya SADC kabla ya kutoa fedha. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda hawamo katika jumuiya hiyo, kwa hiyo hulipa daraja la juu. Kwa wageni wa daraja hilo, Zimbabwe ni ghali kuliko Zambia.

Tiketi ya nchi moja haikuingizi ya pili. Ni hifadhi mbili, malango mawili, malipo mawili.

Nitalowa kiasi gani?

Kuanzia Februari hadi Juni, kabisa. Makoti ya mvua hukodishwa karibu na malango, nayo husaidia mabega tu. Vaa viatu vyenye mshiko ambavyo huoni uchungu vikilowa, weka pasipoti na simu kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na acha nguo kavu kwenye gari. Septemba hadi Novemba utatoka mkavu karibu kila mahali.

Devil's Pool ni salama?

Ni kidimbwi cha asili kilichopo ukingoni kabisa mwa maporomoko, karibu na kisiwa cha Livingstone, upande wa Zambia. Mwamba ulioinuka kidogo unakizuia kisimwage watu. Hufunguliwa maji yakiwa chini, takriban kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Januari, na huwezi kwenda bila mwongozaji mwenye leseni anayekupeleka kwa boti. Utatakiwa kujua kuogelea, maana kuna kipande cha mto cha kuvuka.

Kwa masharti hayo, watu wengi wameingia na kutoka. Nje ya masharti hayo ni kifo. Kila mwaka hutokea kijana wa kukuambia anajua njia yake ya kukufikisha kwa bei ndogo. Mkatalie. Mto ule una viboko na mamba hatua chache tu juu ya ukingo, na mkondo unaoonekana wa kufika magotini unaweza kumng'oa mtu mzima. Kama huogelei vizuri, kaa kisiwani utazame. Hakuna atakayekucheka, na mandhari ni yaleyale.

Upinde wa mvua wa usiku upo kweli?

Upo. Mwezi mpevu ukiwa angavu na manyunyu yakiwa mengi, mwanga wake hufanya upinde kama jua linavyofanya, ila umefifia. Kwa macho huonekana mweupe wenye dalili ya rangi, na kamera ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa hutoa rangi zote. Hifadhi hufungua malango usiku katika siku za karibu na mwezi mpevu. Unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mwezi mpevu, mawingu machache, na maji mengi. Aprili hadi Julai ndiyo miezi yake.

Kanuni ni moja kwa usiku na mchana: mwanga uwe mgongoni mwako. Asubuhi tazama magharibi, jioni tazama mashariki, na upinde utakuwa mbele yako.

Maporomoko yalitokeaje?

Mwamba wa eneo lile ni basalti, lava iliyomwagika na kuganda miaka kama milioni 180 iliyopita. Ulipopoa ulipasuka, na nyufa kubwa zikajaa mawe laini zaidi. Mto ulipopita juu yake ulichimbua yale laini, ukaangukia ufani. Kisha ukaanza kula kurudi nyuma hadi ukakuta ufa mwingine, ukahamia huo. Makorongo unayoyaona yakipindapinda chini ya daraja, moja baada ya jingine, ni mahali ambapo maporomoko yaliwahi kuwa. Kila kona ni anwani ya zamani.

Na bado yanahama. Pale Devil's Cataract, ambapo ukingo umekwisha kushuka chini kuliko kwingine, mto unachimba ufa unaofuata. Kazi hiyo itachukua maelfu ya miaka. Mimi hupenda kuanzia matembezi pale, kwa sababu ndipo unapoona mto ukiwa kazini.

Ni Livingstone aliyeyagundua?

Mzungu wa kwanza tunayemjua kwa maandishi kuyaona ni David Livingstone, Novemba 1855, naye alifikishwa hapo kwa mtumbwi na Wakololo waliokuwa wakiyajua vizuri. Ndiye aliyeyapa jina la malkia wake. Watu walikuwa wakiishi, wakivua na kufanya ibada karibu na maji hayo kabla yake, na zana za mawe zilizookotwa maeneo hayo zinaonyesha kwamba binadamu wamekuwa hapo tangu zamani za kale sana.

Waleya wa Chifu Mukuni, upande wa Zambia, bado wana kijiji karibu, na maporomoko kwao ni mahali patakatifu. Kijiji cha Mukuni kinapokea wageni. Nenda kwa heshima: salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na usiwape watoto fedha mkononi.

Kuna uzi unaomuunganisha Livingstone na pwani yetu. Alipofariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wasaidizi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Masanamu yapo ya Livingstone. Ya hao waliombeba bado tunayadai.

Kuna hatari gani nyingine?

Nyani kwanza. Wanajua maana ya mfuko wa plastiki na hawaogopi mtu. Usile ukitembea, usibebe chakula wazi, na akikunyang'anya mwachie.

Tembo hupita mijini, hasa usiku na kiangazi. Usitembee gizani kati ya maporomoko na mji, upande wowote. Chukua teksi hata kama ni umbali mdogo.

Sehemu nyingi za ukingo upande wa Zimbabwe zina kizuizi cha miiba tu, na pale Danger Point hakuna kitu kati yako na korongo. Mwamba uliolowa huteleza. Piga picha ukiwa umesimama, usirudi kinyumenyume. Malaria ipo mwaka mzima na huzidi wakati wa mvua, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu kinga.

Naweza kwenda na watoto au wazazi wazee?

Ndiyo. Njia kuu za upande wa Zimbabwe ni tambarare na nyingi zimesakafiwa, mzee anayetembea taratibu atamaliza kwa saa mbili au tatu. Mtoto ashikwe mkono muda wote. Njia ya Boiling Pot iache kwa wenye magoti mazima, kwa sababu kushuka ni rahisi na kupanda ndiko kunakotoa jasho.

Siku ngapi zinatosha?

Siku mbili kamili kwa maporomoko, moja kila upande. Ukipata ya tatu, ndani ya hifadhi ya Mosi-oa-Tunya kuna vifaru weupe wanaolindwa na askari wenye silaha, na unaweza kuwafuata kwa miguu pamoja nao. Au nenda Chobe, Botswana, safari ya siku moja kupitia Kazungula. Wapenda msukosuko hushuka korongo la Batoka kwa boti za mpira, na msimu mzuri ni kuanzia Agosti hadi Desemba maji yakiwa chini. Kama unalitaka hili la mwisho usilicheleweshe mno, kwa maana Zambia na Zimbabwe zina mpango wa muda mrefu wa kujenga bwawa la umeme la Batoka, ambalo likijengwa litazamisha sehemu ya mawimbi hayo.

Bajeti yangu haifiki huko. Kuna maporomoko mengine ya mpakani karibu zaidi?

Kalambo. Yako kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, mkoani Rukwa, karibu na ncha ya kusini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Maji ni machache kuliko ya Zambezi, lakini yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, karibu mara mbili ya Victoria, na ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa barani. Korongoni mwake makorongo-mfuko wakubwa, wale ndege wenye kipara, hujenga viota kwenye majabali.

Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wanaakiolojia walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa pengo la kukatwa. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yaliyapa umri wa angalau miaka 476,000, kazi ya mbao ya kale kuliko zote za ujenzi zinazojulikana hadi sasa. Nasikitika kila ninapokutana na Mtanzania aliyefika Niagara na hajawahi kusikia habari hizo.

Nenda mvua zinapomalizika, Aprili au Mei, mto ukiwa na nguvu. Njia ni Sumbawanga hadi Matai, makao ya wilaya ya Kalambo, kisha barabara ya vumbi. Tafuta gari lililoinuka, beba maji ya kunywa na chakula cha siku nzima, na chukua mwenyeji wa kukuongoza kutoka Matai, kwa maana ukingoni hakuna umati wa watalii wa kufuata nyayo zao.